Njiwa wa Marehemu na Pumzi Yangu

Bi Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naandika nimekaa kitako maana nikisimama nahema. Mimi ni mjane wa hapa Kariakoo, mume wangu Ramadhan alikuwa mchukuzi katika soko la zamani, lile lililovunjwa, na kila jioni alirudi na mtama uliomwagika sakafuni, kaufunga kwenye kona ya msuli, akaingia uani akapiga mluzi mmoja mrefu na njiwa wake wote wakashuka, nami nikimtania kwamba anawapenda kuliko mimi, naye akinijibu, "Wewe huhitaji mluzi." Siku zile zilikuwa tamu, Bi Mshauri, nazililia mpaka leo. Tangu afariki, huu mwaka wa nne, mluzi napiga mimi na banda nafagia mimi kila asubuhi, vumbi na manyoya yananijaa puani, na kwangu hiyo ndiyo njia ya kukaa naye, lakini mwaka jana nikaanza homa na kikohozi kikavu, daktari akanipulizisha kwenye mashine yenye kalamu inayochora mstari, mstari ukaishia nusu, akasema vumbi la njiwa linanivimbisha mapafu, niwatoe. Nikaenda Lindi kwa dada miezi miwili, jirani akawalisha, niliporudi nikapuliza tena na mstari ukapanda, daktari akafurahi akaniuliza kama njiwa nimeshawatoa, nikamwambia nimeshawatoa. Nilimdanganya. Sasa mstari umeshuka kuliko mwanzo, daktari haelewi, ananiongezea vidonge, na hata mluzi wenyewe unanikatikia katikati. Eliasi wa Magomeni, aliyekuwa mchukuzi pamoja na marehemu, ni mfugaji na ameniomba njiwa hao mara mbili, lakini wanasema njiwa wakihama nyumba, amani imehama. Nifanyeje?

Zamda, Kariakoo

Bi Zamda,

Pole sana, mwenzangu. Nami nilikulia nyumba yenye njiwa, na nilipofika kwenye ule mtama wa kona ya msuli niliiweka barua chini kwanza.

Sasa nikugombeze. Unamdanganya daktari halafu unameza vidonge vyake? Anahangaika kutafuta ugonjwa mwingine, kumbe wenyewe umeuficha uani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kule Lindi ulipata nafuu kwa sababu hukufagia banda, na mapafu yakivimba kila mara mwishowe hukakamaa, hapo hata ukihamia Lindi moja kwa moja mstari haupandi tena.

Huo msemo naujua. Unawahusu njiwa wanaoikimbia nyumba yenye ugomvi, na wako hawakimbii, unawakabidhi kwa rafiki wa mumeo.

Kesho nenda kwa daktari ukaseme kweli. Mwite Eliasi aje na matenga, awakamate yeye, alivunje na banda, nawe siku hiyo shinda kwa jirani. Awafungie mwezi mzima, maana njiwa hurudi. Na wakirudi wakatua juu ya bati lako, usiwape punje wala usiwapigie mluzi. Najua itauma. Tuma mtu kwa Eliasi aje awachukue, nawe ukae ndani.

Wewe unaogopa kwamba banda likivunjwa Ramadhan naye ataondoka. Mluzi ulikuwa wa njiwa, Bi Zamda. Mwenyewe alikwambia wewe huuhitaji.