Sabufa Mbili na Mikono ya Tausi

Jumatatu, 4 Mei

Asubuhi kibandani, kuwarekodia abiria kanda za muziki kama kawaida. Mashine ya upande wa kulia imemeza kanda tena. Mchana nikafunga mapema, nikaenda stendi kupokea mzigo kwenye basi la Kilosa. Shemeji Salumu, kaka yake Tausi, katimiza ahadi. Maboksi mawili. Duka lake siku hizi limejaa vitu vya Dubai mpaka barazani. Zamani redio moja ilikuwa ya kuandikiwa na kusubiri.

Anaziita sabufa. Ni spika za besi tu, zina amplifaya yake humo humo ndani. Unachomeka kwenye umeme, unaunga kwenye redio, basi. Ndogo, unaweza kuipakata. Kanipa zote mbili nizijaribu nyumbani. Nichague moja, nyingine nimrudishie.

Tausi kayatazama maboksi, kaenda jikoni. Mke wangu haulizi maswali tena. Kuuliza ni kutaka kujibiwa, na jibu halisikii.

Jumanne, 5 Mei

Nimeanza na ya plastiki. Taa nyekundu mbele, vitufe vinang'aa. Nikaiweka pembeni mwa kabati. Kelele nyingi. Vikombe vikacheza kabatini, jirani akachungulia. Lakini besi zote ni noti moja, gitaa likipanda au likishuka yenyewe inavuma vile vile.

Nikamshika Tausi mkono, nikamwekea kiganja juu yake. Kakiondoa.

"Inatetemeka kama mashine ya kusaga," akasema. Kwa sauti kubwa mno. Hajijui siku hizi anasema kwa nguvu kiasi gani.

Nimeumia. Kibanda tulikifungua wawili nilipopunguzwa kazi kwenye shirika. Mimi mikono, yeye masikio. Kanda ikipoteza kasi kidogo tu, alikuwa anajua akiwa uani. Mwaka jana zile sindano zikamponya kifua kikuu, zikaondoka na masikio. Ndiyo maana nataka sabufa. Muziki uingie kwa njia nyingine.

Alhamisi, 7 Mei

Leo ya mbao. Sanduku zito, jeusi, halina taa wala madoido. Spika inatazama mbele, karatasi yake iko wazi, na nyuma kuna tundu la hewa. Nikapunguza kile kitufe kinachozuia sauti za juu, zikabaki za chini kabisa. Nyumbani kimya, ungesema haifanyi kazi. Ila nikasikia kitu kifuani.

Tausi akapiga magoti, akaikumbatia. Kafumba macho. Muda mrefu. Kisha akautaja wimbo. Akauimba. Hakukosea hata pale gitaa la besi linapogeuka.

Nimetoka nje nikalia nyuma ya choo.

Jumamosi, 9 Mei

Ya mbao inashinda. Nimezihamisha zote mbili pembe kwa pembe ili nisiionee ya plastiki. Ya plastiki inafaa sherehe. Ya mbao inafaa mtu.

Tatizo moja, ya mbao ina mngurumo hata redio ikizimwa. Nimegeuza plagi, mngurumo umekwisha. Ni umeme tu.

Tausi anasema haujaisha.

Jumapili, 10 Mei

Umeme umekatika tangu asubuhi, mji mzima. Nimerudi kutoka sokoni, nikamkuta sakafuni, viganja juu ya sabufa ya mbao. Nikamwonyesha balbu. Umeme hakuna.

"Najua hakuna," akasema. "Lakini inasema."

Inasema nini?

"Inasema polepole. Inanyamaza. Halafu ingine inaijibu."

Nimecheka. Cheko halikunikaa vizuri.

Jumanne, 12 Mei

Nimechomoa plagi. Nimechomoa waya wa redio. Sanduku tupu, limekaa kama kiti. Saa kumi alasiri akaketi nalo tena. Akanishika mkono na kuuweka juu. Sikuhisi kitu. Akanitazama kama ninavyomtazama mimi anaponiomba nirudie maneno.

Ya plastiki aliigusa, akaiacha. Hiyo anasema imekufa.

Nimemwogopa mke wangu leo. Naandika kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumatano, 13 Mei

Dada Hawa kaja kuchukua chumvi. Msimu huu anaishi shambani kwetu, ng'ambo ya korongo, anawinga ndege na nguruwe mpaka mahindi yakomae. Kibanda cha miti, kitanda cha kamba, yeye peke yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwa Tausi pale sakafuni. Ikabidi nieleze.

Hakuficha. "Hilo ni jini, Athumani. Limeletwa na boksi. Litoe ndani ya nyumba kabla halijamkalia kichwani."

Tausi alikuwa anamsoma midomo. Akajibu taratibu, safari hii kwa sauti ndogo kabisa.

"Wifi, haitoki kwenye boksi. Inatoka kule kwako."

Hawa kaondoka bila chumvi.

Ijumaa, 15 Mei

Nilitaka kuumaliza ujinga huu. Nimeilaza sabufa chali, uso juu, waya zote nje. Nikaweka punje chache za mchele juu ya karatasi ya spika. Nikafunga mlango, upepo usiingie. Nikaketi kitini. Tausi nikamkalisha mbali, ukutani, asiguse.

Muda ukapita. Hakuna kitu. Nikaona aibu kwa ajili yake.

Kisha akainua kidole. "Sasa."

Punje zikasogea. Hazikuruka. Zilitambaa kuelekea katikati, zikatulia, zikatambaa tena. Barabarani hakukuwa na lori. Nilichungulia dirishani, barabara nyeupe.

Tausi akashusha kidole. Punje zikasimama.

Jumamosi, 16 Mei

Sijalala. Asubuhi Tausi kakataa chai. Kaniambia, "Baba Rukia, leo hawaitani. Wamekusanyika. Wanasema wote pamoja. Mtoe wifi kule."

Akina nani? Hajui. Wakubwa, basi.

Nimekwenda shambani. Mahindi mazuri, yamenizidi urefu. Hakuna ndege hata mmoja. Hilo nililiona njiani nikalisukuma pembeni. Hawa alikuwa anapepeta. Nikamwambia arudi nami mjini leo.

"Nani kasema?"

"Tausi."

"Tausi au lile boksi?"

Nikayatazama mahindi.

"Nikiondoka, nguruwe wanaingia. Utamlisha nini huyo mgonjwa wako?"

Hakukuwa na njia. Nikamdanganya. Nikasema Tausi kaanguka, hajitambui, namhitaji mwanamke mwenzie nyumbani. Dada yangu ana ulimi mkali lakini moyo wake naujua. Akatupa ungo, akafunga khanga, akatangulia mbele yangu karibu mbio.

Alipomkuta Tausi kaketi barazani mzima anachambua mboga, hakunitukana. Kaingia chumba cha binti yetu Rukia, siku hizi kitupu, kajifungia. Hajala. Jua limezama, bado hajatoka. Nimekosea, au sijakosea. Sijui.

Jumapili, 17 Mei

Tembo.

Hawa alitoka alfajiri bila kuaga, nikamfuata. Tulisimama pale korongo linapoishia. Shamba halipo. Mabua yamelala yote upande mmoja. Kibanda kimekuwa kuni. Kitanda kilikanyagwa mpaka kamba zimeingia ardhini, na juu yake unyayo mmoja, mpana kama sinia. Katikati kabisa, pale Hawa anapolaza mbavu.

Hawa akachuchumaa. Akaupima ule unyayo kwa mikono miwili. Nilitaka anitukane.

Askari wa wanyamapori alikuja kuangalia uharibifu. Mzee mpole. Anasema hajawahi kuona kundi kubwa hivyo likivuka mpaka wa hifadhi upande huu. Nikajikuta namweleza habari ya sabufa. Hakucheka. Anasema tembo wana sauti nzito mno, chini ya masikio ya watu. Wanaitana nayo kutoka mbali sana.

Halafu akauliza, "Hiyo spika, ulikuwa unaipiga tangu lini?"

Nikaelewa swali lake. Nikatamani nisingelielewa.

Jioni nimezunguka nyuma ya nyumba. Ukutani, upande wa sebule, ardhi imekandamizwa. Nyayo nne kubwa, zimezama, zinatazama ukuta. Mipapai haikuguswa. Mchicha wa Tausi haukuguswa. Tembo alikuja akasimama tu. Ukutani, kimo cha kichwa changu, pana alama ya unyevu, kama kitu kiliegemezwa hapo.

Upande wa ndani wa ukuta huo ndipo sabufa ya mbao ilipo.

Jumanne, 19 Mei

Sijaunga waya. Wateja kibandani wanauliza kwa nini leo napiga muziki kwa sauti ndogo.

Tausi analia. Si kwa woga. Anasema ni mimi niliyewaamsha, kwa nyimbo nilizompigia, na waliuliza wakakosa wa kuwajibu. Sitaki kusikia maneno haya ndani ya nyumba yangu. Nimemwambia hivyo, nikageuka upande ili asinione nikisema.

Alhamisi, 21 Mei

Kilosa na kurudi. Nimemrudishia Salumu zote mbili. Kashangaa, kaipiga ile ya mbao hapo hapo dukani, watu wakajaa.

"Shemeji, hii ndiyo yenyewe! Kasoro yake nini?"

"Haina kasoro."

"Basi?"

"Imezidi."

Kafikiri nasema habari ya sauti. Nikamwacha afikiri hivyo.

Jumatatu, 8 Juni

Hawa anaishi nasi sasa. Tumepanda maharage sehemu ile ile, kidogo. Wale wawili hawana maneno mengi. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, dada yangu husimama uani na kumsubiri wifi yake. Tausi hufagia pahala, huweka kiganja ardhini, juu ya udongo mtupu. Hukaa kidogo. Kisha huitikia kwa kichwa, na Hawa huondoka.

Leo Hawa alikuwa tayari na jembe begani. Tausi akaweka kiganja. Akakaa. Akaweka na cha pili.

"Subiri," akasema.

Hawa akashusha jembe, akaketi kwenye kibaraza. Nami nikaketi. Chai ikapoa. Jua limepanda mpaka juu ya mipapai, na hakuna aliyemuuliza.