Kifaa Gani Kitamfikishia Mama Mkwe Kwaya?

Mama Clarisse, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla Jumapili haijanikuta mikono mitupu, maana mimi Néhémie, mwenye kibanda cha fotokopi na cha kuchajia simu kwa sola hapa Baraka, nina mke anayeitwa Pulchérie, na Pulchérie akifungua kinywa kanisani hata watoto wachanga wananyamaza, wala sisemi hivi kwa kuwa ni wangu, ingawa namshukuru Mungu kwamba ni wangu. Kwaya yao ilikwenda kuimba Uvira kwenye tamasha, televisheni moja ya jimbo ikawapiga picha, na sasa wameambiwa kwamba Jumapili hii alasiri wataonyeshwa, mara moja tu, na Pulchérie ndiye anayeongoza wimbo wa mwisho.

Shida ni mama yake, mama mkwe wangu anayeishi Ubwari, mwendo wa boti kutoka hapa, ambaye macho yake yameingia ukungu kiasi kwamba kitu hakioni mpaka akisogeze puani, na tangu nioe hajawahi kuniomba hata chumvi, kwa sababu unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, lakini wiki hii amemtuma mama mmoja muuza samaki wa ndagala aniambie: "Mumuambie mukwe wangu, macho yangu iko inaisha. Kama njia iko, nione mutoto wangu akiimba mbele giza iingie." Mama Clarisse, niliposikia maneno hayo sikuweza kumaliza ugali.

Kumleta kwangu haiwezekani, televisheni yangu ya dishi na dekoda iko juu ukutani, hataona kitu, na salon yetu ya kupokelea wageni siku ya Jumapili inajaa majirani na mimi mwenyewe nimo, kwa hiyo nimewaza kurekodi kwenye laptop yangu ya kazi nimpelekee, aishike mikononi, na kwa Guy anayeuza simu sokoni nimekuta vifaa viwili vya kuchomeka kwenye laptop, kimoja kijiti kizuri chenye antena yake ndogo, kingine kiboksi kibaya kama kipande cha sabuni, chenye nyaya za rangi, na Guy ananisukumia kijiti, anasema, "Kaka, hii iko nakamata yote, hata kule Ubwari! Unachomeka tu, picha inakuya," mpaka nawaza hata nisirekodi, Jumapili niende nacho hukohuko, lakini Pulchérie ananicheka, "Mi sijue mambo ya mashini. Kamata telefone, unifilme pale kwenye ekra ya tele, basi," na moyo wangu unakwenda huku na huku, nichukue kipi?

Néhémie, Baraka

*

Néhémie mwanangu,

Kwanza hongera. Barua nyingi zinazofika mezani kwangu ni za waume wanaolalamika kwamba wake zao wana midomo. Wewe unahangaika jinsi ya kuwafikishia watu mdomo wa mkeo. Nimecheka, nimefurahi.

Sasa weka kijiti chini. Ulimsikia Guy akisema kinakamata, hukumuuliza kinakamata nini. Wewe ni mtu wa ziwa, unajua watu wanavyofunga antena juu ya mwanzi na kuigeuza kuelekea nchi ya ng'ambo ya ziwa mpaka picha itulie. Kijiti kile ni antena hiyohiyo, ila fupi. Kinanasa kinachopita hewani, na kwaya ya mke wako haipiti huko. Inaingia nyumbani kwako kwa dishi na dekoda. Ungepanda boti nacho Jumapili, ungemfungulia mama mkwe taarifa ya habari ya ng'ambo, naye angeisogeza puani akimtafuta Pulchérie humo. Aibu hiyo ungeiweka wapi?

Chukua kiboksi. Ubaya wake usikusumbue, huendi kukioa. Nyaya zake, nyekundu, nyeupe na njano, zinachomekwa nyuma ya dekoda, na kile ambacho dekoda inaonyesha ndicho laptop inarekodi. Angalia kwanza kama dekoda yako ina matundu ya rangi hizo. Kisha beba laptop mpaka kwa Guy, akiunganishe mbele yako na programu yake iingie. Vifaa hivi mara nyingi huja na CD, na laptop nyingi za siku hizi hazina pa kuitia. Ukija kutegemea interneti yetu, Jumapili itakupita ukiwa bado unasubiri. Jumamosi jaribu kurekodi habari, usikilize kama sauti inaingia, maana kwaya bila sauti ni watu wanaopiga miayo. Na chagua picha safi kabisa. Usiibane ili kuokoa nafasi. Macho ya mama yana ukungu wao tayari. Nafasi ikipungua, futa filamu za mateke, nina hakika zimo.

Halafu ujue kiboksi hakina akili. Jirani akihamisha dekoda kwenda kwenye mpira, nacho kitarekodi mpira. Mgeni hafukuzwi, najua, basi mpe kiti na chai, lakini telekomande ya kubadilishia chaneli ikae mfukoni mwako. Siku hiyo usimchajie mtu simu. Betri ya sola ni ya dekoda na laptop. Wazo la Pulchérie liache, ukitumia simu utampelekea mama visogo vya majirani na kikohozi chao.

Nimebakiza neno moja, na hili ni la kukugombeza. Umenieleza ukuta, nyaya, hata ugali uliokushinda. Hukuniambia Pulchérie alivuka lini mara ya mwisho kwenda kumwona mama yake. Uvira amefika. Ubwari tunaiona kwa macho kutoka hapa ufukoni. Kazi zimewala, sawa, lakini huyo mama hakuomba mashine. Amesema, "Nione mutoto wangu."

Kwa hiyo Jumatatu jaza betri ya laptop na mpande boti wote wawili. Wewe baki uani na mashemeji zako, heshima ya ukwe isivunjwe. Pulchérie aingie, amwekee mama laptop mapajani, akae naye bega kwa bega. Ukisikia kwaya inaendelea kuimba humo ndani bila mtu kuitazama, na mama anasema, "Sogea, mutoto wangu, sogea nikuone," usiite wala usiulize kama picha inaonekana vizuri. Inaonekana.

Mama Clarisse