Vigelegele Maktabani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia huku Hombolo, marahaba. Babu yako sasa anatembea vizuri, na zabibu tumeshavuna.

Umeniuliza kama uende kozi ya ukutubi, ilhali bosi wako amesema haitakuongezea cheo. Nilipokuwa mhudumu wa maktaba Dodoma mjini, nami niliisoma. Niliporudi, hakuna aliyeniuliza neno. Nikaendelea kupanga vitabu, nimenywea. Siku moja tukiwa na kikao kwenye kona ya chumba cha kusomea, Mama Yusta, mfagizi wetu, akasimama.

"Mwenzetu katoka masomoni, na hata hongera hatujampa!"

Akapiga vigelegele humo humo, tulimozoea kuwanyamazisha watu. Wasomaji wakainua vichwa, wakacheka, wakapiga makofi. Mkuu wetu naye akaniuliza, "Kwani ulijifunza nini?" Nikaeleza mpaka chai ikapoa. Cheo hakikuja, ila nilikabidhiwa chumba cha watoto, nikakipenda hadi nilipostaafu.

Nenda, mjukuu wangu. Ila kwanza tazama hapo kazini kwenu: hakuna mwenzako aliyerudi kutoka kozini na bado hajaulizwa alichojifunza? Muulize.

Bibi yako,
Foibe