Mume Wangu Ananinyoosha Vidole kwa Kibano

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada leo hii, maana mdomo umekuwa mzito na jioni inakuja. Mimi ni mshona mapazia, na baridi yabisi imenipinda vidole vya mkono wa kulia hadi vimelala upande mmoja, mkasi naushika kwa mikono miwili, na mume wangu, ambaye ni seremala, hakuvumilia kuona hivyo, akasema mbao zilizopinda anazinyoosha kila siku, atashindwaje na vidole vya mkewe, basi akanitengenezea kibano cha mbao, akakipiga msasa, akakitandika pamba kisinichubue, na kila tukimaliza kula ananiweka mkono humo anakaza skrubu huku ananiuliza, "Inauma, mama?" nami najibu, "Kaza tu, baba watoto," halafu machozi nasingizia ni ya vitunguu ambavyo tumeshavila. Mshauri, ana furaha mtu huyu, mpaka mafundi wenzake amewaonyesha, ila tangu juzi kidole changu cha shahada hakihisi hata sindano, ncha imeanza kuwa nyeusi, na asubuhi nimemsikia akimwambia wifi yangu kwamba leo anaongeza mzunguko mmoja. Nikimkataza nitamvunja moyo. Nifanyeje?

Mshona mapazia

Wewe mama, barua za wengine nimeziweka kando kwa ajili yako. Pole sana, lakini unanikasirisha. Unaogopa kumvunja moyo, wakati yeye anakuvunja vidole?

Kidole kisichohisi sindano ni cha hospitali, tena sasa hivi, kabla ya hicho chakula cha jioni. Wakupime na mkono mzima. Viungo vyako vimevimba kwa ndani na kulegea, havikukauka kama ubao, na hakuna skrubu ya kuvirudisha. Kuna dawa za kuzuia visizidi kuharibika, na wataalamu wanaojua kukutengenezea kifaa cha kushikilia vidole, cha kipimo chako. Mkono huo usirudi kwenye kibano hata kwa dakika moja, na ukiulizwa tena kama inauma, sema inauma. Neno moja tu, mama.

Na wewe fundi, najua karakana haikosi redio. Mapenzi yako nimeyaona, hata pamba nimeiona. Lakini mkeo amekuwa akikudanganya: inauma, inauma sana. Acha randa hapo ilipo, nenda ukamchukue.