Wino wa Karatasi Inayong'aa

4 Februari

Kwako Dada,

Natumaini hujambo, na kama una jambo natumaini si mimi. Mimi mzima, sina hata mafua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yangu umeizuia, na kila ninayemtuma kwako anarudi akisema ameambiwa hupo, hali ameiona kanga yako dirishani ikitikisika.

Habari umeshazisikia, kwa hiyo sitazunguka. Naolewa. Harusi ni katikati ya Aprili, na mume ni huyo huyo unayemjua. Sikuombi ruhusa. Ulimwacha mwenyewe, ukaja ukatuambia "hatukuelewana", basi, ukafunga mdomo. Kiti ulikiacha mwenyewe, sasa unanuna nimekikalia.

Ninachokuandikia ni wino. Kadi za mwaliko nazitengeneza kwa mkono, kwa mihuri yetu, ile ya maua na ile ya herufi. Mwenzangu ndiye aliyechagua karatasi: nzito, nyeupe ya maziwa, inang'aa kama sahani mpya. Nimeipigia muhuri kwa wino wa maji, ule wetu wa siku zote, ukajikusanya matone matone ukakataa kushika. Dukani kuna wino mzito na kuna wa spiriti. Wewe ndiye mtu wa wino. Mimi nilikuwa mkata karatasi tu, kama ulivyopenda kuwaambia wateja wetu wa kadi kabla hujaolewa. Nitumie upi? Jibu hilo. Mengine kaa nayo.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Mimi sijambo. Goti linauma, jirani amenunua spika mpya, na barua yako nimeisoma nimesimama, haikuwa ya kuikalia. Shikamoo hukuniandikia. Nimeiona ilivyokosekana. Mama zetu ni tumbo moja, tumelelewa chumba kimoja, mimi ndiye niliyekufunga viatu ukienda shule, lakini siku hizi sote tumekuwa rika moja. Haya.

Kwanza hilo neno "mihuri yetu". Mihuri ni yangu. Nimeichonga mimi, raba kwa wembe, hadi vidole vikachanika. Nilipoondoka kwa Taratibu nilikutuma ukanichukulie. Nilikutuma mihuri, ukapata mchumba, na mihuri yenyewe sijaiona hadi leo. Naam, namwita Taratibu na nitaendelea, maana yule mtu hajawahi kupandisha sauti tangu azaliwe.

Sasa wino. Nakujibu kwa sababu sitaki watu waseme ile kadi mbovu ni kazi ya mikono ya kwetu. Wino wa maji huingia ndani ya karatasi. Karatasi yako inang'aa kwa kuwa imepakwa kitu juu, wino hauna pa kuingilia. Achana nao. Wino mzito hauingii, hukaa juu, na kwa macho hakuna unaoufikia. Utaupenda. Nakujua, mkono wako utaukimbilia. Lakini kwenye karatasi ya kung'aa haukauki. Utaugusa leo, utaugusa wiki ijayo, bado mbichi. Tumia wa spiriti. Unanuka, kwa hiyo fungua madirisha, na rangi zake si za kuringia, ila ukishika umeshika. Pigia mihuri ya raba tu. Ile ya plastiki laini weka mbali, spiriti huila.

La pili hukuniuliza. Usiolewe na yule mtu. Anafunga mlango kwa nje. Asubuhi anakwenda kazini, anakufungia chumbani, anaondoka na ufunguo. Jioni anarudi, anakaa kitandani, anakuuliza kwa upole umeshindaje. Hapigi. Hatukani. Ukilalamika anakwambia ni kwa ajili ya wezi. Niliishi hivyo mpaka asubuhi moja aliposahau kufunga, nikatoka na nguo nilizovaa. "Hatukuelewana" yangu ndiyo hiyo. Ulitaka niwaambie nini? Kwamba mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa nafungiwa kama kuku?

Dada yako, mwenye mihuri


15 Februari

Dada,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa nilikuwa sijambo zaidi kabla ya kufungua bahasha yako.

Umeishi na mtu miaka yote hiyo. Umekuja kwetu umekaa, umekula, umelala, hukutamka neno la mlango kwa mama yako wala kwa mama yangu. Leo mimi nauliza wino, ndipo mlango unafungwa! Huo ni wivu, dada, tuuite kwa jina lake. Mimi nimekaa sebuleni kwake mara ngapi, anasimama ananifungulia mlango mwenyewe, ananisindikiza hadi barabarani. Yeye nimemwambia tunaandikiana habari za wino tu. Hayo mengine sikumgusia, kwa sababu naona haya ajue nina ndugu mwenye roho ya namna hiyo.

Na kwenye wino pia nimekushtukia. Muuza karatasi ameniambia kwa mdomo wake kwamba spiriti inaharibu mihuri. Kumbe hicho ndicho ulichokuwa unakitaka! Mihuri ukiikosa wewe, basi na mimi niikose. Mtu aliyenidanganya kwenye mlango atashindwa vipi kunidanganya kwenye wino? Nimenunua mzito, wa zambarau. Kadi ya kwanza nimeshaipiga. Ungeiona ungeingiwa na kijicho hadi ukucha.

Mdogo wako, bibi harusi


18 Februari

Bibi harusi,

Sijambo, asante kwa kuuliza. Goti liko pale pale.

Muuza karatasi lazima alimaanisha mihuri ya plastiki. Na mimi niliandika hivyo hivyo, ila wewe husomi, unatafuta pa kuchukia. Piga na huo mzito. Ukimaliza, pitisha kidole juu yake.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Shikamoo. Usidhani nimekuwa mpole. Nimeandika shikamoo kwa sababu barua hii bila hiyo isingeanza. Habari za goti? Za huku ni hizi.

Kadi nilizimaliza zote. Kidole sikupitisha, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema nipitishe. Nikazitia kwenye bahasha kwa kushika pembe na kuzipeleka kwao siku waliyokusanyika kupanga mambo ya harusi. Mama mkwe akaifungua yake mbele ya watu, akaisifu, akashika shavu kwa furaha. Shavu likawa zambarau. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mjomba wao akajaribu kusoma jina lake akakuta doa. Wifi mtarajiwa alikuwa amevaa gauni la rangi ya krimu. Alikuwa. Basi kila aliyegusa kadi alimgusa mwenzake, na ndani ya muda mfupi sebule nzima ilikuwa na madoa kuanzia kwenye vikombe hadi kwenye kitambaa cha kochi. Walicheka. Walinicheka mimi, nimesimama katikati na trei.

Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alizikusanya kadi moja moja, akaziweka mezani, akanishika bega. Akasema kwa sauti yake ile, "Hakuna neno. Utakaa ndani mpaka uzirudie zote." Ni maneno ya kawaida kabisa. Kama usingeniandikia ile barua yangepita sikioni yakaenda zake. Yamekataa kupita, na nakulaumu wewe.

Jana nimenunua wino wa spiriti. Nimechukua muhuri wa raba, nikafungua madirisha, nikapiga kadi moja, nikanywa chai, nikapitisha kidole. Imekauka. Nimeisugua kwa kitambaa, haitoki. Muhuri mzima.

Kwa hiyo kwenye wino ulisema kweli. Ulikuwa na kila sababu ya kunidanganya, ukaniambia kweli, na mimi nikafanya kinyume kwa kukukomoa. Nina hasira na wewe kuliko mwanzo, kwa sababu ile barua yako ilikuwa na mambo mawili, na hili la pili sasa silali.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linaendelea kuwa goti.

Habari ya gauni nimecheka, Mungu anisamehe, nimecheka hadi jirani akapunguza spika asikilize kuna nini. Kisha nimefika pale pa "utakaa ndani" nikaweka barua chini.

Usiniamini. Sikuombi uniamini, kwa sababu na mimi bado nina kinyongo na wewe, tena kikubwa, na mtu mwenye kinyongo haaminiki. Wino uliujaribu kwa kidole chako. Na hili lijaribu hivyo hivyo. Nasikia anatengeneza nyumba mpya kwa ajili yenu. Nenda, tafuta kisingizio chochote, katazame mlango wa chumba cha kulala upande wa nje. Usinitaje. Usimtajie kufungiwa. Tazama tu kwa macho yako, halafu niandikie, hata kama ni kunitukana.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijambo, mwandiko tu unisamehe. Naandika nimesimama kwenye kaunta ya duka la karatasi, kwa kalamu ya mwenye duka.

Nimekwenda leo asubuhi, nimesema napima mapazia. Mlango wa chumba ni mpya, umepakwa vanishi, na upande wa nje hauna kitu. Safi kabisa. Nikashusha pumzi. Nikakutukana kimoyomoyo, matusi yote ninayoyajua na mengine nikayatunga palepale. Nikaanza kupima dirisha kwa kweli.

Mara fundi seremala akatoka stoo na komeo la chuma, kubwa, la kutilia kufuli. Akaliegemeza kwenye mlango, kwa nje, akaanza kuweka alama kwa penseli. Nikamuuliza, "Fundi, hilo la nje ni la nini?" Akasema, "Mimi naweka panapoagizwa, mama." Hakunitazama.

Yeye kumbe alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yangu. Akasema, taratibu, "Dada yako ameshakulisha maneno, eeh? Yule nilimfungia kwa sababu alikuwa hatulii. Wewe ukitulia, hata sitalitumia."

Dada, nilichouliza mimi ni komeo. Jina lako sikulitaja. Habari ya kufungiwa sikuitaja, leo wala siku nyingine yoyote. Amejisemea mwenyewe, mbele ya fundi, anatabasamu, kama mtu anayekuahidi zawadi. Fundi akaweka penseli chini. Mimi nikasema nakwenda kununua wino. Akaniambia, "Usichelewe."

Nimetoka na sirudi. Harusi hakuna. Kadi hazirudiwi. Nakwenda kwa Mama kumwambia mwenyewe, na Jumamosi napanda basi kuja kwako, kwa sababu kwa Mama atanifuata, na kwako haji, anakuogopa mdomo.

Usifurahi lakini. Bado nina hasira na wewe. Ungesema neno moja kabla ya kunituma kule kuchukua mihuri, moja tu, hata kikombe chake cha chai nisingekigusa. Ulininyima neno hilo ili usionekane kuku. Hilo sijalimeza na sijui kama nitalimeza.

Ninaomba kitu kimoja. Nikifika, usiseme "nilikwambia". Sema chochote kingine.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nitasema. Usinizuie, nimelibeba muda mrefu. Utakaposhuka kwenye basi nitakuwa nimesimama kituoni, na nitasema "nilikwambia" mara moja, kwa sauti, abiria wote wasikie. Kisha na wewe utaniambia mbona sikusema mapema, kwa sauti hiyo hiyo, na mimi nitakujibu hili ulilokwisha kuliandika: niliona haya, na haya yangu nusura yakufungie wewe mlango. Tukimaliza kupigizana kelele tutakwenda nyumbani.

Nimekufagilia chumba cha mbele. Hakina komeo wala kitasa. Vyumba vyote vya nyumba hii viko hivyo, niling'oa makomeo na vitasa mwenyewe wiki niliyohamia, mwenye nyumba akaniona nimechanganyikiwa. Upepo ukivuma milango inajifungua yenyewe. Siku za mwanzo utakuwa unashtuka. Mimi bado nashtuka, ila nafurahi kila ikifunguka.

Dada yako