Koti la Jabiri

Mukendo, Musoma

Wifi yangu Mwanahalima,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na dagaa wameanza kuonekana tena Mwigobero.

Uliniulizia koti la sufu la kaka yako Jabiri. Tangu boti yao ipotee ziwani, mwaka wa pili huu, sikuwa nimefungua sanduku lake. Juzi nimefungua, nikakuta viwavi wa nondo wametoboa kola.

Jirani yangu Mama Robi akaniambia, "Usipulize dawa, watoto watakohoa. Lianike juani, lipige brashi, halafu lichovye maji ya moto."

Nikalianika. Upepo ukajaza mikono yake. Binti yetu Sabiha akasema, "Baba alikuwaga anasimama hapo hivyo hivyo." Nami nilikuwa nimeshamwona.

Maji ya moto ndiyo niliyoogopa. Nilipolichovya viwavi wakaelea, na mvuke ukapanda na harufu yote ya Jabiri, kama amenikaribia. Nikainamia beseni mpaka maji yakapoa.

Sasa ni safi, halinuki chochote. Ila limesinyaa, hata akirudi, halitamtosha. Njoo ulichukue.

Wifi yako,
Hasna