Supu ya Baba

Koki, uko? Daktari ametoka kuongea na mama sasa hivi. Kifua cha baba si vumbi la ng'ombe wa ranchi ya Ndara, kama tulivyodhani. Ni moyo!

Moyo umechoka. Hausukumi damu mbele, inarudi nyuma, na maji yanajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana alikuwa analala ameketi.

Mama akauliza, "Na supu je?" Miezi mitatu, Koki! Supu ya mifupa kila jioni, chumvi tele, ati ifungue kifua.

Daktari akamwambia, "Mama, chumvi inashika maji mwilini."

Inashika maji!

Daktari amesema tumechelewa sana. Mama amekaa tu, thamosi ya supu mapajani.

Baba ameamka. Anamuuliza mama kama ameleta supu.